Safari ya injili nje ya nchi: mwongozo kamili, kutoka Mbeya hadi Karonga

Barua ya mwaliko ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na tarehe. Kwenye ukurasa wa pili, karibu kabisa na mwisho, mchungaji mwenyeji aliandika kwamba pampu ya kisima cha kanisa haivuti maji, huu ni mwezi wa tano, na kama kati yetu yupo fundi tungeweza kuja naye. Kamati yetu ya safari iliusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, ikamshukuru Mungu, ikaanza kukusanya nguo za mitumba.

Hiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya injili kaskazini mwa Malawi, mimi nikiwa mratibu. Tangu hapo nimeratibu nyingine tatu, na mengi niliyojifunza yananirudisha kwenye ule ukurasa wa pili. Nawaandikia kwaya, vijana, akina mama na kamati za umisheni wanaojiandaa kuvuka mpaka. Njia ninayoijua ni ya Mbeya, Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu, halafu ng'ambo ya mto Songwe kuelekea Karonga na Mzuzu. Anayepitia Tunduma kwenda Zambia, au Manyovu kwenda Burundi, atabadilisha majina ya vituo na aina ya karatasi. Mpangilio wa kazi ni uleule.

Hatua ya 1: Miezi sita kabla, piga simu na usikilize

Msipange ratiba kabla ya kuongea na wenyeji, na msiongee nao mara moja tu. Kwenye barua watu huandika kwa adabu. Ombi lenyewe huwekwa mwishoni, kwa sauti ya chini, kama jirani anayeomba chumvi. Mpigie mchungaji, halafu umwombe akuunganishe na mzee wa kanisa na kiongozi wa akina mama, maana hao ndio watakaowapikia na kuwatandikia. Waulize ni kazi gani wangependa mje kuifanya. Waulize wanaweza kulaza watu wangapi bila kuwahamisha watoto wao sakafuni, na ni mwezi gani unaowafaa. Kisha waulize swali ambalo sisi tulichelewa sana kuliuliza: kitu gani tusilete?

Nguo zetu zilikuwa marobota matatu. Mpakani tuliulizwa ushuru. Tulipofika, wazee walilazimika kukaa siku nzima kuamua nani apate nini, na wakati wa ugawaji ndugu wawili walikosana mbele ya kanisa kwa sababu ya koti. Mama mmoja wa usharika huohuo, ambaye riziki yake ni kuuza nguo hizohizo sokoni, alikaa wiki mbili bila mteja. Haya hakutuambia yeye. Tuliambiwa mwaka uliofuata, na aliyetuambia alituomba tusimweleze kwamba tumejua.

Mjue pia mnakwenda kwa nani. Kanisa la kaskazini mwa Malawi lina umri mkubwa. Wamisionari wa Kiskoti walifika Cape Maclear, kusini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1875, wakahamia Bandawe mwaka 1881, na mwaka 1894 Dkt. Robert Laws alianzisha kituo cha Livingstonia juu ya mlima, Kondowe. Baadaye wakatoka huko walimu na wainjilisti Waafrika waliokwenda mbali na kwao. David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, alitumwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupeleka injili Chinsali, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Kwa maneno mengine, watu hawa walikuwa wakituma wainjilisti wao nje wakati koo nyingi za kwetu zilikuwa bado zinaisikia injili kwa mara ya kwanza. Mhubiri wetu alifungua mkutano wa kwanza kwa kusema tumewaletea nuru. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, akaitikia amina, na jioni akatualika nyumbani kwake. Akatoa kutoka sandukuni cheti cha ubatizo cha babu yake, kimefungwa vizuri kwenye plastiki, akatupitishia mmoja mmoja tukisome.

Hatua ya 2: Chagueni mwezi kwa kuangalia ghala la mwenyeji

Kule mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Januari, Februari na mwanzo wa Machi mahindi ya mwaka uliopita yanakuwa yamekwisha katika nyumba nyingi, na mapya bado yako shambani. Mkipeleka watu kumi na wanane wakati huo mtapokelewa kwa nyimbo, mtapikiwa, na mtakula akiba ya watoto. Hakuna atakayewaambia.

Nendeni kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa ndani. Karonga, kando ya ziwa, kuna joto hata wakati huo, lakini Mzuzu kuna baridi ya kutosha kuhitaji sweta. Likizo ya Desemba inawavutia waajiriwa wengi wa kwetu kwa sababu ofisi zimefungwa. Huo ni urahisi wetu sisi, wenyeji hauwasaidii.

Hatua ya 3: Chagueni watu, na muwe wachache

Mara ya kwanza tulikuwa 18. Sasa hatuzidi 11. Kundi dogo linaingia kwenye Noah mbili au Hiace moja, linalala katika nyumba chache, na kila mmoja anafahamika kwa jina.

Sisi Wamoravian tunapenda kuukumbuka mwaka 1732, Leonhard Dober na David Nitschmann, wamisionari wetu wa kwanza, walipotoka Herrnhut, Ujerumani, kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi. Tunasahau kwamba Dober alikuwa mfinyanzi na Nitschmann seremala. Ukiangalia orodha za safari zetu nyingi utakuta wahubiri watano, waimbaji kumi, mpiga picha, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kushika spana. Safari ya pili tulimchukua fundi bomba. Kabla ya kuondoka alimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya kisima kule kijijini, mama mmoja, akamuuliza pampu ni ya aina gani na inafanya nini ukiivuta. Ilikuwa Afridev, ya mkono, na mama yule alijua tatizo bila kubahatisha: mpira wa pistoni umelika, na duka la wilayani halina. Fundi wetu akatafuta mipira miwili na bushi za mpini.

Tulipofika, kamati ya kisima ilifungua pampu yenyewe. Ilikuwa na wanawake wanne na kijana mmoja, wote wamefundishwa kazi hiyo miaka iliyopita. Fundi wetu alishika vyuma visidondoke ndani, basi. Baada ya saa moja na nusu maji yakatoka. Nilisimama pale nikielewa kwamba wasiwasi wetu wote kuhusu "kuwasaidia" ungeweza kumalizwa mwaka mmoja mapema kwa simu moja na bahasha ndogo.

Katika kuchagua watu mtazameni pia anayeweza kukaa kimya, anayekula chochote, na asiyegombana akichoka. Anayetaka kwenda kwa sababu hajawahi kuvuka mpaka muombeeni, aende kwa safari yake. Waliochaguliwa wawekewe mikono na usharika mzima Jumapili moja kabla ya kuondoka, kama Antiokia ilivyofanya kwa Barnaba na Sauli katika Matendo 13, ili kanisa lote lijue limetuma na litadai taarifa.

Hatua ya 4: Karatasi

Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Malawi, ila pasipoti lazima iwe hai, na ni vema iwe na miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Kama mna mgeni wa nchi nyingine kwenye kundi, aulize ubalozi mapema. Bebeni barua ya mwaliko na barua ya utambulisho ya kanisa lenu yenye mhuri, nakala tatu. Ofisa wa uhamiaji akiuliza mnakwenda kufanya nini, semeni kweli: ziara ya kanisa, siku tisa, mwenyeji wetu ni huyu, namba yake hii. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya wazazi wote wawili.

Kuna kadi mbili za njano na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka, na ukishachanjwa kadi hiyo inadumu maisha yako yote. Nyingine ni ya gari, bima ya COMESA, ambayo dereva anatakiwa kuikata kabla ya kuondoka; kibali cha kuingiza gari kwa muda hutolewa mpakani. Dereva wetu wa kwanza alipoulizwa kadi ya njano alitoa ya chanjo kwa furaha.

Wenye kwaya waandike orodha ya vyombo: kinanda, spika, mikisa, jenereta, kila kimoja na namba yake ya kiwandani, wagongewe mhuri na forodha wakati wa kutoka. Sisi tuliandika "spika 4" bila namba, na wakati wa kurudi tulikaa Kasumulu kutoka mchana hadi giza tukithibitisha kwamba spika zetu ni zetu.

Hatua ya 5: Pesa

Watunza hazina wawe wawili, na daftari liwe moja. Gawanyeni bajeti katika usafiri, chakula, kazi mnayokwenda kufanya, na akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya kumi. Badilisheni fedha benki au kwenye duka lenye leseni. Vijana wanaokimbilia gari na mabunda ya kwacha wana mikono myepesi. Huduma za fedha za simu mlizozoea nyumbani msizitegemee ng'ambo. Malawi imepitia vipindi vya uhaba wa petroli na dizeli kwa sababu ya upungufu wa fedha za kigeni, kwa hiyo jazeni tangi Kyela.

Pesa ya chakula mpelekeeni kiongozi wa akina mama wiki mbili kabla, kimyakimya, kupitia mtu mnayemwamini. Mkiitoa hadharani mkishafika, mwenyeji anaaibika, maana mgeni hatangaziwi bei ya ugali.

Hatua ya 6: Afya

Mtu aliyekulia Mbeya au Tukuyu, kwenye baridi, malaria ya pwani ya ziwa humshika vibaya. Kila mtu awe na chandarua chake, na muulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo. Msioge ziwani hata kama watoto wanaoga, kichocho kipo.

Hatua ya 7: Lugha, na mtu anayeitwa mkalimani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia bila wasafiri kujua.

Karonga wanaongea Kyangonde, ambacho kinakaribiana sana na Kinyakyusa. Wenzetu wa Kyela walijibiwa "mugonile" na "ndaga" wakadhani wako nyumbani. Mkipanda mlima wa Chiweta kuelekea Rumphi na Mzuzu mnaingia kwenye Kitumbuka: "monire" ni salamu, "yewo chomene" ni asante sana. Kichewa kinaeleweka nchi nzima: "muli bwanji", "zikomo kwambiri". Kila msafiri ajifunze salamu, asante, samahani, na namna ya kujitambulisha, katika lugha ya mahali anapokwenda. Mwezi mmoja unatosha. Kwa Watumbuka mwanamke hupiga magoti anapomsalimia mkubwa au kupokea chakula. Dada zetu walipofanya hivyo bila kuambiwa, nyuso za wale mabibi zilibadilika kabisa.

Mkalimani wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyejifunza Kiswahili kwa kununua mchele Kyela. Bei, vipimo, usafiri, matusi ya stendi, vyote alivijua. Neema, utakaso na upatanisho hakuwahi kuvisikia. Mhubiri alikwenda kwa kasi kama yuko kwao, na mkalimani, kwa aibu, akawa anatunga. Tuligundua siku ya tatu, pale mhubiri aliposema "haba na haba hujaza kibaba" na mkalimani akanyamaza kabisa mbele ya watu mia mbili. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Tulimweka pale bila kumpa chochote.

Tangu hapo tunafanya hivi. Mhubiri anaandika muhtasari wa ukurasa mmoja, na unamfikia mkalimani wiki mbili kabla pamoja na mistari atakayoisoma, ili aitafute kwenye Biblia ya lugha yake. Methali zote zinatolewa, labda mkalimani mwenyewe apendekeze ya kwao. Mahubiri ya dakika ishirini yatachukua arobaini, kwa hiyo mhubiri anajiandaa kwa ishirini. Anasema sentensi nzima, fupi, anasimama. Usiku kabla ya mkutano wanakaa wawili, wanapitia, wanaomba pamoja. Na mkalimani anapewa posho kama mfanyakazi yeyote, kwa sababu ameacha biashara yake siku zote hizo.

Hatua ya 8: Mkiwa kule

Saa zitawasumbua. Malawi iko saa moja nyuma ya Tanzania, halafu wenyeji wanahesabu saa kama mshale unavyosomeka. Mwenyeji akiandika 8:00, saa yako ya Mbeya itakuwa inakuambia saa tatu asubuhi. Tulitangaza semina ya akina mama "saa nane mchana", ikatafsiriwa kuwa nane. Kesho yake walikuja saa nane yao, asubuhi, wengine wamebeba watoto na kutembea mwendo mrefu, wakatungoja chini ya mwembe hadi alasiri. Andikeni saa kwa tarakimu, semeni asubuhi au mchana, na siku ya kwanza kila mtu arudishe saa yake nyuma.

Kuleni kinachowekwa mezani. Katika Luka 10 Yesu aliwaagiza hivyo wale sabini, na waliotumwa zamani hizo hawakwenda na jiko la gesi. Nsima ni ugali wetu. Kando ya ziwa mtapewa kondowole, wa muhogo, na usipa, ambao ni dagaa kwa macho yetu. Safari ya kwanza baadhi yetu walibeba chakula chao na kupika pembeni. Akina mama wenyeji waliona.

Akina dada wavae chitenje vijijini, yaani kitenge cha kujifunga. Wazee wengi wamekulia enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, sheria ilipomkataza mwanamke kuvaa suruali, na jicho lao lilizoea hivyo.

Msipige picha ya mtoto bila idhini ya mzazi wake, wala mgonjwa, wala mtu anayepokea kitu. Waulizeni wenyeji kama wangependa picha zao zitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya kwenu.

Na msiahidi. Hili naliandika kwa uzito. Mmoja wetu, kwa huruma ya kweli, alimwambia binti wa kidato cha kwanza kwamba ada yake tutaileta. Hakutuambia. Akarudi Mbeya, akapata matatizo ya kazini, na neno lake likafa. Mama yake binti alikataa msaada wa ndugu muhula mzima kwa sababu "wageni wamesema". Binti alikaa nyumbani. Tulipojua, usharika wetu ulilipa, tukaenda kuomba radhi kwa miguu yetu, na tukapokelewa kwa upole ulioniumiza kuliko hasira. Sasa kila msafiri anasaini karatasi kabla ya kuvuka Songwe kwamba hatatoa ahadi yoyote ya fedha, masomo au safari kwa mtu yeyote. Akiguswa, anamweleza mratibu, mratibu anamweleza mchungaji mwenyeji, na jibu linatoka kwa barua baada ya kikao.

Hatua ya 9: Kurudi

Siku ya mwisho kaeni na wazee wenyeji bila wahubiri, muwaulize nini kiliwachosha. Watasema "hakuna". Ngojeni. Kwetu, baada ya chai ya pili, mmoja alisema mikutano yetu ya usiku ilikuwa mirefu, na wake zao waliamka alfajiri kutupikia.

Ndani ya wiki mbili toeni taarifa kwa usharika uliowatuma, kama Paulo na Barnaba walivyofanya waliporudi Antiokia, Matendo 14. Taarifa iwe na hesabu, risiti na makosa. Sisi tulisoma habari ya marobota ya nguo mbele ya watu waliozitoa. Haikuwa rahisi, lakini mwaka uliofuata walewale walichangia mipira ya pampu bila kuulizwa mara mbili. Nakala ya taarifa ipelekwe kwa wenyeji, nao waisome, warekebishe walipoona tofauti.

Pigeni simu baada ya mwezi mmoja, baada ya mitatu, na baada ya sita. Wekeni tarehe hizo kwenye kalenda ya kamati, la sivyo hamtapiga.

Halafu waalikeni. Baada ya safari yetu ya tatu, wenzetu tisa walivuka Songwe kuja Mbeya kwa siku saba. Walilala majumbani mwetu na kula ugali wetu. Yule mwenyekiti wa kamati ya kisima aliwafundisha akina mama wa usharika wetu jinsi ya kuunda mfuko wa vipuri, kila kaya ikitoa kidogo kila mwezi, kwa sababu kisima cha kwetu nacho kilikuwa kimekufa na sisi tulikuwa tunamngoja mfadhili. Mahubiri ya Jumapili alitoa yule mzee mwenye cheti cha babu yake. Mkalimani alikuwa yule mfanyabiashara wa mchele. Muhtasari wa mahubiri tulikuwa tumempa wiki mbili kabla.